Majaji Watatu na Friji ya Nesi

Bweni la Wasichana,
Chumba cha Mwisho, Upande wa Bomba.
Jumapili, tarehe 14, mwezi wa tatu.

Mpendwa Shangazi,

Nisamehe nikitanguliza siri kabla ya shikamoo. Nikianza na salamu nitapoa, na nikipoa sitaandika. Jambo hili sijamwambia mtu yeyote, hata Mama. Tangu muhula uliopita, kila siku kabla ya chakula, napita nyuma ya chumba cha nesi na kuchungulia dirishani nione kama taa ndogo ya friji inawaka. Wenzangu wanadhani napenda kutembea peke yangu nikiwaza vitabu. Siwazi vitabu. Naangalia friji.

Sasa shikamoo, Shangazi. U mzima? Goti je, limepunguza maumivu, au bado unapanda ngazi za mahakama huku unazilaani moja moja? Baba alisema umehamia nyumba yenye jirani anayepigilia misumari kila Jumamosi. Natumaini amemaliza hicho anachojenga, au misumari imemwishia. Mimi mwilini sijambo. Moyoni nina hasira ambayo sijui niiweke wapi, ndiyo maana naitia kwenye bahasha na kukutumia wewe.

Unamkumbuka Kidoti, rafiki yangu mwenye doa jeusi juu ya mdomo, yule aliyekuchekesha hadi ukamwaga chai siku ulipokuja kututembelea? Ana kisukari. Hujichoma sindano ya insulini kila siku, na akiba ya dawa yake hukaa kwenye friji ya nesi kwa sababu ikikaa kwenye joto inaharibika. Ubaya wake ni kwamba ikiharibika unaweza usione tofauti yoyote. Unajichoma kama kawaida, kumbe ni kama unajichoma maji.

Wakati wa likizo fupi mtu alichomoa friji ili achomeke pasi. Baada ya siku kadhaa akakumbuka, akairudisha, akanyamaza. Nesi aliporudi aliikuta inanguruma vizuri, na dawa ni baridi. Kidoti akaitumia. Alianza kutapika, kisha akawa anahema kama mtu aliyekimbia, na walipombeba kumpeleka hospitali alikuwa hanitambui, mimi ninayelala kitanda cha juu yake. Alipona, tunamshukuru Mungu. Lakini tangu siku hiyo ndipo nilipoanza matembezi yangu ya dirishani.

Kwa hiyo klabu yetu ya kompyuta ilipotangaza kwamba itaunda mlinzi wa friji, nilifurahi kuliko mtu yeyote, ingawa nilikaa kiti cha nyuma kama kawaida. Ndani ya friji pamewekwa kipimajoto chenye waya. Waya unaingia kwenye kompyuta ndogo iliyo kando ya friji, na kipimo kinaonekana kwenye skrini iliyotundikwa ofisi ya walimu, mahali ambapo mchana hapakosi mtu. Joto likipita nyuzi nane, skrini inakuwa nyekundu na king'ora kinalia. Programu iliandikwa na kiongozi wa klabu, kijana tunayemwita Profesa kwa sababu hata akiomba chumvi anatoa mhadhara. Nampa haki yake, aliandika vizuri. Isipokuwa mahali pamoja.

Mwalimu wa kompyuta alisema hakuna programu itakayotumika bila kukaguliwa. Alikuwa amesoma kwamba wataalamu siku hizi hawategemei akili bandia moja. Wanatumia kadhaa kwa pamoja kukagua programu, ili kosa linaloipita moja lidakwe na nyingine. Shangazi, wazo hilo nililipenda, na bado nalipenda. Zilichaguliwa tatu, nasi tukazipa jina la Majaji. Profesa akapewa kazi ya kuziuliza.

Nilikuwa nimekaa nyuma yake na niliona kila alichoandika. Alimpa Jaji wa Kwanza programu nzima, akamwambia tu kwamba ni ya kupima joto la friji. Hakusema kwamba ndani kuna dawa. Kwa alivyoeleza, ingeweza kuwa friji ya soda. Jaji wa Kwanza akajibu kurasa na kurasa. Alirekebisha vitu vidogo, kisha akasifu mahali pamoja kwa namna ya pekee: kipimajoto kisipoleta kipimo, programu haikwami, bali inashika kipimo cha mwisho na kuendelea nacho. Akauita huo ustahimilivu mzuri. Profesa alitabasamu hadi masikioni.

Halafu akafanya kitu kilichonifanya nishike ukingo wa meza. Alichukua jibu lote la Jaji wa Kwanza, akalibandika kwa Jaji wa Pili pamoja na programu, akaandika: "Mkaguzi mwenzako amesema haya. Unakubaliana naye?" Wa Pili akakubali, tena kwa maneno matamu. Akachukua majibu yote mawili akampelekea wa Tatu: "Wawili wameafikiana. Nawe?" Wa Tatu angefanya nini, Shangazi? Naye akapitisha.

Nikueleze kwa lugha yetu kosa lilipo. Chukulia una mlinzi getini. Kila ukimpigia simu anasema, "Geti limefungwa, mama." Siku moja anapitiwa na usingizi, lakini simu yake inaendelea kukujibu kwa sauti ileile, "Geti limefungwa, mama," kwa sababu ndivyo lilivyokuwa kabla hajalala. Ndivyo programu yetu ilivyo. Waya ukichomoka, ukikatwa na panya au ukiguswa na ufagio, skrini itabaki ya kijani ikisema nyuzi nne, salama, leo, kesho na wiki nzima. Na hicho ndicho Majaji wote watatu walichokipigia makofi.

Niliinua mkono. Unajua kwangu hiyo ni safari. Nilisema kwa sauti ambayo hata mimi sikuisikia vizuri.

"Nini, Miwani?" Profesa akageuka. "Umeona kosa, au umeona vumbi kwenye lenzi?"

Darasa likacheka. Nilirudia. Mwalimu alinisikiliza, sikatai, lakini alinisikiliza kama mtu anayesubiri mvua ipite.

"Wewe ni mmoja," akasema. "Wao ni watatu. Hiyo ni hesabu ya darasa la kwanza."

"Tena wamesoma maktaba nzima ya dunia," Profesa akaongeza. "Wewe hapa umefika rafu ya ngapi?"

Nimefika rafu ya saba, Shangazi. Niliketi.

Shangazi, kilichoniuma si kuchekwa. Kuchekwa nimezoea. Kilichoniuma ni ile hesabu yao ya watatu. Ulitueleza mwenyewe, tukiwa tunakunja nguo kwa Bibi, kwa nini mashahidi husubiri nje ya chumba cha mahakama. Ulisema shahidi akishasikia mwenzake alichosema, huwezi tena kujua anachokisema ameona au amesikia. Nilikuwa mdogo lakini nililishika. Sasa hawa wetu waliwekwa chumba kimoja, wakasomewa ushahidi wa aliyetangulia, wakaulizwa kama wanaafiki, kisha tukahesabu: mmoja, wawili, watatu! Ule ulikuwa ushahidi wa mmoja, na waitikiaji wawili.

Jumatano nilipata zamu yangu ya kompyuta nikawauliza mwenyewe. Kila mmoja peke yake, kwa mazungumzo mapya, bila kumwambia mwenzake alisema nini. Niliwaeleza wote sawasawa: ndani ya friji kuna dawa ya mtu, na anayetazama skrini yuko jengo lingine. Jaji wa Kwanza alisifu tena ule ustahimilivu wake. Wa Tatu alilitaja kosa, lakini chini kabisa, kwa adabu, kama mgeni anayeomba maji. Wa Pili, Shangazi, yule yule wa Pili aliyekubali kwa maneno matamu, safari hii alianza na hilo kabla ya lolote. Alisema hii ni hatari kuliko zote, kwa kuwa kipimo cha zamani kitaonekana kama cha sasa, na mtu atatulia wakati anapaswa kukimbia.

Kwa hiyo jibu alikuwa nalo. Hatukumpa nafasi ya kulitoa. Siwakasirikii Majaji; kila mmoja alijibu swali aliloulizwa. Nawakasirikia waliouliza kwa namna ya kutafuta ndiyo, kisha wakatembea na ile ndiyo kifua mbele kama medali.

Alhamisi nilimpelekea Mwalimu majibu hayo mlangoni pa maabara. Aliyasoma akiwa amesimama. "Ah, wewe umewaeleza mengi," akasema. "Umewauliza ukitaka wapate kosa." Moyoni nilipiga kelele: Ndiyo, Mwalimu! Si ndiyo maana ya kukagua? Akanirudishia akasema Mkuu wa Shule ameshaarifiwa kwamba kazi imekamilika, na kwamba tusianze kuharibiana shughuli kwa mambo madogo.

Mambo madogo! Mkuu wa Shule ameagiza kwamba kuanzia Jumatatu nesi aache kufungua friji kila mara kutazama kipimajoto chake cha zamani kilichomo ndani, eti anaingiza joto, skrini inatosha. Unaona linapoelekea? Jicho pekee linaloona kweli ndilo linaloambiwa lipumzike.

Kidoti nilimweleza. Alicheka. "Miwani, nikizimia tena, waandikie barua ya malalamiko. Wewe una mwandiko mzuri." Sikucheka. Naye aliponiona sicheki akaacha kucheka, akaanza kukunja shuka ambayo tayari ilikuwa imekunjwa. Ndipo nilipojua kwamba anaogopa.

Nimefika mwisho wa ninayoyajua, na la kufanya silijui. Nisalimie sana Mjomba, mwambie redio aliyonitengenezea bado inakamata. Wasalimie pacha, na uwakumbushe kwamba kitabu changu cha nyota wananirudishia kikiwa na kurasa zote. Babu anakusalimu na kusema dawa ya goti ni kuchuchumaa, usimsikilize. Mama atakuandikia akimaliza kushona sare za watu.

Jumatatu jioni.

Shangazi, bahasha ilikuwa haijafungwa, basi nakuongezea ya leo.

Asubuhi kabla ya vipindi nilikwenda kwa nesi. Nilimweleza habari ya waya na mlinzi aliyelala. Mwanzoni hakupenda kusikia.

"Mwanangu, mimi nina miguu miwili na bweni zima linakohoa. Ile skrini ndiyo kwanza inipumzishe."

Nikamwambia sitaki aniamini. Nilimwomba jambo moja, aniruhusu nichomoe kipimajoto kwa muda mfupi, na yeye asimame hapo penye friji mpaka nirudi. Alinitazama, akatazama friji, akaguna.

"Chomoa. Ila ukichelewa, nakufuata na sindano."

Nilikichomoa, nikauzungusha waya mkononi, nikaenda ofisi ya walimu. Sijawahi kuingia mle bila kutumwa. Nilipiga hodi, nikaingia kabla sijajibiwa. Mwalimu wa kompyuta alikuwa anasahihisha madaftari, na skrini iko ukutani nyuma ya kichwa chake, kijani kibichi: NYUZI 4. SALAMA. Niliweka kipimajoto juu ya madaftari yake.

"Nini hiki?"

"Kipimajoto cha friji ya nesi, Mwalimu."

Akageuka polepole kutazama skrini. Kijani. Mwalimu wa historia, aliyekuwa meza ya pili, akakichukua kile kipimajoto, akakiegemeza kwenye kikombe chake cha chai ya moto, akasubiri. NYUZI 4. SALAMA.

"Basi chai yangu imepoa," akasema, akaangua kicheko. Mwenzake hakucheka.

"Nani mwingine anajua?" Mwalimu wa kompyuta akaniuliza.

"Nesi. Amesimama penye friji ananisubiri." Nikanyoosha kidole ukutani. "Naomba skrini izimwe mpaka irekebishwe. Na nesi aendelee kufungua friji."

Akainuka, akanyoosha mkono, akaizima. Hakusema asante, wala samahani. Alisema, "Nenda darasani."

Nilichukua kipimajoto, nikakirudisha. Nesi alifungua friji mbele yangu, akainama, akasoma kipimo kwa macho yake, akafunga. Nikakimbia kipindini. Nilikuwa nimechelewa, nikaambiwa nisimame nyuma ya darasa, nikasimama mpaka kengele.

Mungu akulinde huko uliko, akupe wepesi wa goti na jirani asiye na nyundo.

Mtoto wa kaka yako akupendaye sana,
Miwani.