Klara chini ya Klara

Dada Yasinta mupendwa,

Habari ya Butembo? Goti lako limepona ao bado linakusumbua? Mimi niko muzima, Mungu ashukuriwe. Huku Nyabiondo mvua inanyesha kila mangaribi, na jibini tunakula mpaka tunashiba.

Yule mugeni wa Amerika ninayemusindikiza, Mama Elena, anaandika maisha ya babu ya babu yake, aliyekuwa mubunge kwao zamani sana. Ukoo wote ameupata, ila mujukuu mumoja wa yule mubunge, Klara, muzalishaji, aliyekuja huku Masisi na hakurudi tena. Kwenye karatasi ya ukoo, chini ya Klara hakuna kitu. Elena aliumia sana juu ya hiyo.

Leo tumeonyeshwa kaburi lake katikati ya shamba la maharagi, limepaliwa vizuri. Mwenye shamba, mama mumoja muzee, akasema: "Mimi pia njo Klara. Alimuzalisha mama yangu siku nilizaliwa, mama akanipa jina lake."

Elena akatoa ile karatasi ya ukoo, akaniomba kwa kifaransa nimuulize kama yeye ni ndugu yao. Muzee akacheka: "Anauliza nini huyu? Nani anapalia hapa miaka yote? Andika!"

Nilipomutafsiria, Elena akaandika Klara chini ya Klara. Muzee akainama kuangalia: "Nafasi imebaki? Niko na batoto saba."

Elena akageuza karatasi: nyuma nafasi ilikuwa tele.

Klara wa kaburini alikuwa muprotestanti, lakini nimemusalia rozari nzima. Na wewe ninakuombea. Unijibu upesi, dada, hata mistari miwili.

Mudogo wako,
Josefina