Kuku wa Mpira na Karata Zilizoanguka

Jumatatu, 3 Machi
Mwenye ukumbi ameniita ofisini, akanipa kiti — dalili mbaya. Amesema mazingaombwe yangu ni safi, ila watu wanasinzia. Nitie vichekesho kufikia Jumamosi, la sivyo nafasi yangu atapewa mwimbaji. Miaka yote hii sijapata kuchekwa jukwaani. Sasa nichekwe kwa kuombwa! Nimechoka.

Jumanne, 4 Machi
Binti yetu ameleta mfuko wa vikorokoro: miwani mikubwa kama sahani, ua la kifuani linalorusha maji, fimbo inayolegea ukiishika, na kuku wa mpira. Nikauliza kuku ana kazi gani.
"Hana kazi, baba. Ndiyo maana anachekesha."
Mke wangu akasema kuku huyo ni kaka yake mkubwa mtupu, akacheka mpaka akakaa. Mimi sikucheka. Lakini ni kweli wamefanana, hasa shingo.

Alhamisi, 6 Machi
Mazoezi sebuleni. Mke wangu alikaa mbele yangu kama mtazamaji. Ni desturi yetu tangu ujana: nilichokificha kikionekana, anakohoa mara moja. Hasemi neno. Leo amekohoa mno. Nimesingizia vumbi. Mkono wa kulia mzito — baridi, pengine.

Jumamosi, 8 Machi
Fimbo ililegea: kicheko hapa na pale. Ua lilirusha maji: alicheka mtoto mmoja. Kuku: kimya cha msibani. Nikarudi kwenye karata, kazi yangu halisi, nipumzike na upuuzi ule. Mkono ukatetemeka. Karata zote chini! Nikainama kuziokota, zikaniponyoka tena. Ukumbi mzima ukaangua kicheko, watu wakaegemeana mabegani. Nikasimama wima, nikainamisha kichwa kama mtu aliyekusudia. Pembeni mwa jukwaa, mke wangu hakucheka.

Mwenye ukumbi alinikumbatia. "Mzee, kumbe ulikuwa unatuficha! Hiyo ya karata usiiache, kila onyesho."

Nafasi ni yangu mpaka mwisho wa mwaka. Nimelala na viatu.

Jumapili, 9 Machi
Sijatoka. Tangu asubuhi najizoeza kuangusha karata kwa makusudi. Zinaanguka vibaya — kama za mtu anayeziangusha. Aibu gani hii, kutafuta kosa na kulikosa! Kikombe cha chai, ambacho sikukikusudia, kimeanguka vizuri kabisa.

Mke wangu alifuta chai. Hakulalamika. Kisha akavuta kiti, akakaa mbele yangu, mahali pake pa siku zote, akaniuliza taratibu kama ile ya jana niliipanga.

Nikanyoosha mgongo. Mkono nikautia mfukoni. Nikamwambia ndiyo, niliipanga tangu Jumatatu.

Akakohoa.