Maji ya Marehemu Correa

Jumatatu, 11 Februari. Vinchina

Tumefika. Makalio siyasikii. Tangu Jáchal ni kona juu ya kona, huku mwamba, huku hakuna kitu kabisa — na Eleuterio anapiga mluzi! Nimemng'ang'ania kiuno mpaka akalalamika namvunja mbavu. Wenzetu wakistaafu wanakwenda baharini. Mume wangu kanunua pikipiki, anataka milima. Na mimi mjinga nikapanda nyuma.

Bi Azucena, mwenye nyumba ya wageni, katuambia mvua imeikata barabara ya juu, magari hayapandi. Eleuterio kacheka. Eti watu wa huku wakiona tope wanafunga dunia. Ipo njia ya zamani, anaijua. Kaijulia wapi? Naogopa, nasema kweli.

Jumanne, 12 Februari. Sijui wapi

Njia ya zamani ni mchanga mtupu. Tumeanguka, tukainuka, tukaanguka tena. Goti langu limevimba.

Katikati ya jangwa tukakuta kibanda cha Marehemu Correa, chupa za maji wanazomwachia wasafiri zimejaa hadi nje. Sisi watu wa San Juan hatumpiti hivi hivi. Alikufa kwa kiu jangwani akimfuata mumewe, maskini, na mtoto akakutwa hai, bado ananyonya. Eleuterio akavua kofia, akashusha chupa zetu kubwa, akamwachia zote. Zote! Nikamwambia, mzee, bakiza hata moja.

"Mama, nilimwahidi siku niliyonunua pikipiki. Marehemu hapunjwi. Mbele kuna mto."

Nikapiga ishara ya msalaba. Hata mimi nilimwogopa Marehemu kuliko kiu.

Hatukwenda mbali, klachi ikaungua. Injini inanguruma, gurudumu limegoma. Mto wake huo ni changarawe kavu. Simu haishiki mtandao. Tumebakiwa na maji kidogo kwenye chupa ya chai, basi.

Jumatano, 13 Februari

Chupa ya chai tupu. Hakuna aliyepita. Nani apite, wakati huko chini wote wanajua barabara imekatika?

Nikamwambia turudi kwa Marehemu tukachukue maji yetu. Alivyonikata jicho!

"Umnyang'anye maiti maji? Bora nife."

Mkaidi huyu! Midomo imepasuka, inatoka damu. Mchana kaniita kwa jina la mama yake. Mungu wangu, nitamzika huku?

Alhamisi, 14 Februari

Nimekwenda peke yangu kabla jua halijachoma, yeye kalala. Nilichechemea njia nzima. Kibandani nikapiga magoti. Nikasema, Mama Marehemu, wewe kiu unaijua, nisamehe. Nikanywa huku nalia. Nikabeba chupa nilizoweza. Zetu nimeziacha, angezitambua.

Nimemkuta macho yameingia ndani. Akaziona chupa, akaufumba mdomo kama mtoto anayekataa dawa.

"Umezitoa wapi?"

"Lori limepita ukiwa umelala, mzee. Dereva katugawia."

Sijui neno hilo lilinitokaje. Akanywa! Akanywa mpaka kidevu kikalowa, akaanza kucheka.

"Si nilikwambia, mama? Tumempa, naye katuletea. Na huyo Azucena wako, eti magari hayapandi!"

Nikacheka naye.

Alhamisi hiyo hiyo, jioni

Nimembembeleza twende tukakae kibandani. Kule kuna kivuli, kuna maji, na mtu yeyote akija kwa njia hii atasimama pale. Hataki.

"Dereva kakuacha hapa, atakutafuta hapa. Alisema anarudi lini?"

"Hakusema."

"Atarudi. Mtu wa lori hamtupi mtu jangwani. We' unaogopa bure, mama."

Kaisukuma pikipiki mpaka katikati ya njia ili ionekane kwa mbali. Kachoka mno kwa kazi hiyo, kalala chini, anahema. Kumbeba siwezi. Kumwacha tena naogopa, ile asubuhi nilidhani nitamkuta kafa. Nikimwambia ukweli hatagusa tone, namjua, miaka yote hii namjua. Nisipomwambia, tutamngoja huyo dereva mpaka tukauke.

Nimesema, mzee, nikikwambia kitu hutakasirika? Kasema nikasirike nini, leo tumepona. Kanishika mkono. Nimeshindwa.

Tumebakiwa na chupa moja. Nilitaka tuigawane sasa hivi, kaninyang'anya. Kaichimbia mchangani chini ya pikipiki, isipate moto, na kakaa kando yake akiilinda. Eti hiyo ya dereva, atarudi na kiu.