Nafasi Zilizo Wazi Kwenye Bendi

Dada Mwanaidi, shikamoo.

Mvua ya Durban haijakatika tangu nifike, viatu vyangu havikauki. Jana Mama Furaha, Mkongo mwenyeji wangu hapa mtaa wa Sydenham, alinipeleka kwenye gwaride anakouzaga chai na mandazi. Ikaja bendi ya zumari za mfuko, zile ambazo mpigaji anabana mfuko kwapani na kupuliza mpaka mashavu yanamvimba. Walikuwa wazee sita tu, wanaume wazima na sketi za drafti, wanatembea wameachana mno. Nikaona upenyo katikati yao, nikataka kuvuka barabara.

Mama Furaha akanidaka mkono. "Eish, usipite pale! Pale iko mtu!"

Sikuona mtu. Akanieleza kwamba alipoanza kuuza chai kwenye magwaride, bendi hiyo ilijaza barabara, safu kwa safu. Mwenzao akifa, hawasogei kuziba nafasi yake. Wanaiacha wazi na kutembea nayo. Nikasimama na andazi mkononi mpaka likalowa lote.

Dada, baada ya arobaini ya Baba mimi ndiye niliyesema tupange viti upya, pengo lisionekane. Wewe ukalia, mimi nikapanga. Nilikosea.

Wasalimie watoto, nimewakumbuka mno. Na kile kiti cha Baba kitoe stoo, ukirudishe pale dirishani. Mtu asikikalie.

Mdogo wako,
Zuhura