Usitume Gari la Tano

Esnah Mageto,
S.L.P. 112,
Bomet.

19 Juni 2025

Mpendwa shemeji yangu Nicholas,

Pokea salamu kwanza, hasira zitafuata. Hujambo? Mgongo wako uliouumiza pale yadi mnakopakia magari umepona, au bado unajipaka ile dawa inayonuka? Na mke wako Eucabeth, amezoea chakula cha huko Japani? Mwambie mboga za managu na chinsaga zimejaa nyuma ya nyumba mpaka majirani wanajichumia tu. Siku mkija atakula mpaka achoke.

Sisi huku tunasukuma. Mvua imenyesha na majani chai yanatoka kwa fujo. Ng'ombe mweusi amezaa ndama jike. Binti yetu Janefer bado anafundisha kule Sigor na huja kila Ijumaa kabla Sabato haijaingia. Mimi ni mzima, ila kidole gumba cha kulia kina gundi ambayo haitoki tangu mwezi wa tatu.

Utajiuliza kwa nini nakuandikia kwenye karatasi kama mtu wa zamani. Simu yetu ni moja, hukaa mfukoni mwa kaka yako, na ujumbe ukiingia yeye humpa mtu yeyote anayepita amsomee. Barua hii anakuletea Nyagaka, binti wa jirani yetu, anayesafiri Jumatatu kuja kusomea uuguzi huko kwenu. Nimeandika kwa sababu karatasi ndiyo kitu pekee ambacho Mageto hawezi kukipekua. Kaka yako haoni, shemeji. Basi, nimesema.

Ana mtoto wa jicho, macho yote mawili. Muuguzi wa zahanati alimmulika mwaka jana akasema ni kitu cha kutolewa, operesheni fupi tu, mtu analala nyumbani kwake siku inayofuata. Akasema pia kwamba asipojali, presha inaweza kupanda ndani ya jicho, na ikipanda hata wakimpasua hataona tena. Nilikuwa pale. Nilisikia kwa masikio yangu, naye alisikia, kisha tukatoka nje akaanza kuniuliza bei ya mbolea.

Sasa mambo ya magari yako. Sitaki udhani nayadharau. Ulipotuma lile la kwanza, gari dogo la zimamoto la Kijapani la kuunganisha vipande kwa gundi, nilicheka. Nikasema mzee wa miaka sitini na mitatu anatumiwa vitu vya kuchezea. Mageto hakucheka. Alichukua rula akapima upana, sentimita sita na kidogo, akazidisha mara ishirini na nne kama ilivyoandikwa kwenye sanduku, apate upana wa gari lenyewe la kweli. Akasema, "Mita moja na nusu. Hii ingepita."

Wewe unajua alikuwa anaongea juu ya nini. Ule mwaka nyumba za wafanyakazi ziliposhika moto kule shamba la chai, yeye ndiye aliyekuwa akiendesha trekta la tangi la maji. Njia kati ya zile laini mbili za nyumba ilikuwa nyembamba, trekta likakwama kwenye kona, na vyumba kumi na viwili vikaisha akiwa ameshika usukani. Watu walitoka wote, namshukuru Mungu, lakini tangu siku hiyo hupimapima kila njia anayopita. Kwa hiyo hilo gari la kwanza nilimwacha alitengeneze kwa raha zake. Alilitengeneza vizuri kweli, na liko juu ya kabati mpaka leo.

Shida ilianza na la pili. Unakumbuka alikutumia picha likiwa bado nusu, ukamuuliza kwenye simu mbona maandishi ya mlangoni yameangalia chini? Akakujibu, "Nilikuwa nakupima tu." Shemeji, alikuwa hakupimi. Alikuwa amezibandika zile stika kwa kupapasa, na mimi sikujua ziko juu chini kwa sababu hayo maandishi yenu yakipinduliwa kwangu ni yale yale.

Baada ya simu hiyo aliniita akaniwekea kibano mkononi. Akasema taa ya hii nyumba ni hafifu. Tukahamia barazani saa sita mchana, jua kali, akasema miwani ndiyo imeharibika. Tangu siku hiyo fundi ni mimi. Yeye ni msimamizi.

Hebu nifikirie. Nimechuma chai miaka ishirini na sita. Vidole vyangu vinajua majani mawili na chipukizi, havijui vioo vya pembeni vilivyo vidogo kuliko punje ya mchele. Karatasi ya maelezo ni ya Kijapani tupu, naona mishale na namba tu. Naye ameketi hapo amekunja nne, anaelekeza kwa kichwa mambo aliyoyashika kwenye lile la kwanza: "Esnah, hiyo ladder inakaa juu, pump inakaa nyuma, si nilikuambia? Wewe hata hauko makini." Mimi! Kuna siku taa nyekundu ya juu ilinianguka na kuku wa Janefer akaimeza. Ningetengeneza taa nyingine kwa kifuniko cha kalamu, lakini bwana mkubwa alikataa katakata. Tulimfungia yule kuku siku mbili. Sitakueleza zaidi, ila taa unayoiona kwenye ile picha ndiyo yenyewe. Nashukuru Sabato ipo, maana Ijumaa jua likizama ananikataza gundi, na hayo ndiyo mapumziko yangu.

Na wewe ukaona picha ukatuma sauti: "Kaka, mkono wako bado ni ule ule!" Akaisikiliza mara tatu. Akakujibu ati amejitahidi. Nilikuwa nimesimama nyuma yake na kibano mkononi, na nilikaribia kumpiga nacho.

Ningevumilia hayo yote. Kinachonivunja moyo ni neno lake moja. Kila nikitaja operesheni anasema, "Nikimaliza hili gari nitaenda." Nikamaliza la pili, la tatu likafika. Nikamaliza la tatu kabla ya Pasaka, nikamfulia suti, nikamwambia kesho twende. Akasema wewe umeshatuma la nne, na si vizuri likute mtu hayupo. Unaona, Nicholas? Wewe unatuma kwa upendo, najua, alikulea na unamkumbuka. Lakini kila sanduku lako linamnunulia miezi sita mingine ya kukaa gizani. Halafu Sabato iliyopita nakusikia kwenye simu ukimwambia umeona la tano, lenye mlango unaofunguka. Niliondoka nikaenda kukama ng'ombe kabla ya wakati.

Anaogopa, hilo ndilo jambo lenyewe, ila kutamka hawezi. Mzee Onyancha wa hapo chini alipasuliwa jicho mwaka juzi, akarudi na bandeji, akajigonga kwenye mlango wake mwenyewe akavunjika jino. Sasa Onyancha anaona mpaka viroboto wa mbwa, lakini kaka yako anakumbuka jino tu. Nikimwambia ukweli anapandisha sauti: "Nani amesema sioni? Si mimi ndio nilipeleka maziwa jana?" Ni kweli alipeleka. Alisimama katikati ya barabara, bodaboda ikamkwepa ikaingia mtaroni, na yeye ndiye aliyemgombeza yule kijana kwamba haangalii mbele.

Usiku nalia, sikufichi. Nimeolewa na huyu mtu miaka thelathini na nne na hajawahi kunidanganya kwa jambo lolote isipokuwa hili. Nataka ayaone yale magari mawili niliyoyatengeneza. Moja tairi la nyuma limeenda upande, jingine lina alama ya kidole changu kwenye kioo. Nataka ayashike, ayaangalie vizuri, aniambie nimeharibu kazi. Siku hiyo nitapika kuku.

Kwa hiyo nakuomba mambo mawili, na nakuomba nikiwa nimekasirika, usinibembeleze. La tano usilinunue. Kama umeshalinunua, liweke chini ya kitanda chako. Pili, tarehe nane Julai madaktari wa macho watakuwa hospitali ya Longisa, na jina lake nimeshaliandikisha bila kumwambia. Mimi akinikatalia nitafanya nini? Janefer akisema, anaambiwa ni mtoto. Mchungaji alimwombea, akasema amina kwa sauti kubwa kuliko watu wote, kisha akarudi nyumbani. Wewe peke yako ndiye ambaye hawezi kumdanganya mara mbili. Piga simu Jumapili tarehe ishirini na tisa, jioni ya huku, wakati wa taarifa ya habari. Mimi nitakuwepo.

Janefer anakusalimu sana na anasema ile kamusi uliyomtumia imefika. Onyancha na mkewe wanakusalimu. Nyagaka akifika umwonyeshe duka la nguo za baridi, ametoka hapa na sweta moja tu. Eucabeth mkumbatie kwa niaba yangu.

Kaka yako naye anakusalimu. Ameketi mkabala nami sasa hivi, anadhani naandika habari za ndama, na ameniagiza nikuulize lile gari la nne limekwama wapi, maana kila siku anaulizia posta. Halijakwama. Nililichukua Ijumaa ya tarehe sita, nikalificha siku mbili, halafu Jumapili hasira ikanishika nikaliweka mezani kando ya redio yake, sanduku jekundu lenye picha kubwa ya gari, ili anifokee tugombane na yaishe. Leo ni siku ya kumi na moja. Jana alilisukuma kwa kiwiko apate pa kuweka kikombe, akaniambia, "Esnah, toa hii katoni ya sabuni hapa."

Sijaitoa. Ukipiga simu, usimtajie macho. Muulize tu kuna nini mezani karibu na redio, kisha unyamaze, umwache atafute jibu.

Mungu akupe maneno ya kumwambia baada ya hapo, maana mimi yangu yameisha, na awalinde nyote wawili huko ugenini.

Ni mimi shemeji yako, nikupendaye hata nikiwa nimenuna,

Esnah