Kwa Mama Mkwe, Aliyeniombea kwa Ugonjwa wa Mwanawe

Mama mpendwa,

Ni Mwende, mke wa Musyoka. Tangu tukuzike hapa Kibwezi nakukumbuka sana, na mara nyingi nikikukumbuka nacheka. Najua si heshima kumcheka mama mkwe, lakini utanisamehe.

Miaka minne ya ndoa yetu ilipita bila mtoto, ukaamua kasoro ni yangu. Ulinichemshia mizizi michungu ambayo hata mbuzi waliikataa. Ukawaomba akina mama wa kanisa waombee tumbo la Mwende lifunguke, mbele ya watu wote. Nilikaa benchi la nyuma nikitamani kugeuka mende.

Kisha ukanipeleka hospitali wewe mwenyewe. Daktari akanipima, akasema sina shida, tumlete mume.

"Musyoka?" ukamwuliza. "Huyo nilimzaa kilo nne na nusu."

Alikuja hata hivyo. Akapewa kikopo, akaonyeshwa chumba. Baada ya nusu saa ukauliza, foleni nzima ikisikia, "Kwani wamempa mtihani wa hesabu?"

Mbegu zake zilikuwa chache na dhaifu. Daktari akamwuliza kazi yake. Musyoka akaeleza kwamba analima nyanya kando ya Mto Athi, na kila siku anaingia majini hadi magotini kuzibua bomba la pampu. Ni yale maji yenye povu yanayoshuka kutoka viwandani kule juu. Kiangazi kikizidi, anayanywa pia. Daktari akasema hawezi kuapa kwamba ni mto, lakini maji machafu ya viwanda hubeba kemikali zinazoweza kuharibu mbegu za mwanamume. Aanze kwa kutoka majini.

Njia nzima ya kurudi ulinipa mgongo. Nilidhani umezidi kunichukia. Jumapili ukasimama kanisani.

"Niliwaambia mmwombee Mwende," ukasema. "Nilikosea mtu. Ni mwanangu. Mwende, unisamehe."

Ukakaa, ukajifuta macho kwa leso. Musyoka alikuwa ametoka kwa mlango wa nyuma.

Alinuna wiki mbili, kisha akahamia shamba la juu. Siku hizi tunamwagilia kwa maji ya kisima. Nyanya ni chache, lakini hazinuki.

Mwezi uliopita alisimama kwenye baraza la chifu, akawaambia wanaume habari za mto na za mbegu zake. Walicheka mpaka wakashika mbavu. Mmoja akamwuliza kama anazungumzia mbegu za nyanya ama zipi. Baraza lilipoisha, watatu walibaki kumwuliza kwa sauti ya chini kliniki iko wapi. Wa kwanza alikuwa huyo wa nyanya.

Mtoto bado, Mama. Musyoka amepimwa tena, na daktari anasema zimeongezeka. Tukipata msichana ataitwa jina lako. Ni desturi, najua, lakini hata isingekuwa desturi ningeng'ang'ana.

Pumzika, Mama.

Mke wa mwanao,
Mwende