Kelele za Mzee Dale

Jumapili, 13 Aprili 2014

Theluji tena. Aprili hii! Nimepangusa kioo cha gari kwa mkono wa koti. Kutoka kwangu Maplewood mpaka Crystal barabara inateleza, lakini kabla ya saa kumi na mbili nilikuwa mlangoni pa nyumba ya wazee ninakofanya kazi. Mzee Dale nimemwosha, nimembadilisha, nimemlisha uji. Saa moja nikawasha televisheni.

Mbio za pikipiki za Ulaya. Leo ni Hispania. Tangu apigwe na kiharusi Mzee hana neno hata moja, ila ukutani ipo picha yake ya ujana, kakaa juu ya pikipiki nyekundu. Ananionyesha kwa kidole: televisheni, picha, televisheni. Mwaka jana ilinichukua mwezi kuelewa. Pikipiki za mbio hizi ni zile zile za dukani, zimetengenezwa zaidi kidogo tu. Mtu wa kawaida anaweza kuwa nayo. Yeye alikuwa nayo.

Wetu ni yule wa nyekundu. Kashika nafasi ya pili. Mzee kapiga kelele kama yuko uwanjani.

Kwenye daftari la nyumba tunaandika kila kitu: kala nini, kalala saa ngapi, kaenda haja mara ngapi. Nimeandika kwamba alipiga kelele dakika arobaini, hakutulia. Habari ya televisheni nimeiacha. Sisi wageni wa nchi hii tukikutwa mbele ya televisheni kazini tunaitwa wavivu. Mimi si mvivu.

Jumapili, 27 Aprili

Uholanzi. Mvua huko, mvua hapa. Wetu kaanguka, kainuka, kapanda tena. Kelele dakika thelathini na tano. Nimeandika. Moja niliipiga mimi. Hiyo sikuiandika.

Jumapili, 11 Mei

Italia. Mzee kalala.

Nilidhani anaumwa. Presha iko sawa, joto hana. Nimefungua karatasi ya dawa. Tangu Alhamisi kaongezewa dawa ya kutuliza, asubuhi na jioni. Sababu imeandikwa na nesi: kelele za muda mrefu, siku za Jumapili.

Nani kaandika hizo kelele? Mimi. Kwa mwandiko wangu mzuri wa shuleni.

Nimezima televisheni katikati ya mbio.

Jumatatu, 12 Mei

Sikulala vizuri. Nimemsimulia binti yangu Neema. Anaelewa kila neno, ila anajibu kwa Kiingereza: "So just tell them, Mom." Eti niwaambie tu. Rahisi. Ana miaka kumi na sita, hajawahi kuitwa ofisini.

Jumapili, 25 Mei

Mzee nimemwita kwa jina mara tano. Kafumbua jicho moja, kalifumba. Pikipiki zinazunguka mbele ya mtu aliyelala.

Kiprono, meneja wetu, kapita na kahawa yake. Mkenya, mtu mwema, mwoga. Anafurahi: "Sister, huyu mzee ame-improve sana. Hakuna noise." Nilitaka kumrushia bakuli la uji.

Jumatano, 28 Mei

Nikisema ukweli, nimeficha jambo kwenye daftari. Watu wamefukuzwa kwa dogo zaidi ya hilo. Mama Njeri, mwenzangu wa zamu, anasema ninyamaze: "Wacha hiyo maneno. Utajichoma bure." Nimeshanyamaza. Kunyamaza kwangu ndiko kulikomlaza Mzee.

Naogopa. Naandika hapa kwa sababu hapa hakuna meneja.

Jumapili, 22 Juni

Basi. Liwalo na liwe.

Nimejaza kurasa mbili za daftari la nyumba. Kila Jumapili ya mbio na tarehe yake. Hakuwa na fujo. Alikuwa anashangilia. Televisheni niliwasha mimi, nilikaa naye, nilificha. Nimetia saini majina yangu yote matatu, na la babu likiwemo. Neno "samahani" sikuliandika. Nimelitafuta moyoni, sikuliona.

Jumanne, 24 Juni

Wameniita. Kiprono na nesi, mlango umefungwa.

Kiprono alishika kichwa. "Si ungenipigia simu tu? Sasa hii ni document. Siwezi ku-delete." Nikamwambia ndiyo maana nimeandika.

Nesi aliuliza nilijuaje kwamba zile ni kelele za furaha. Nikamjibu: anaanza taa za kuanzia zikizimika, ananyamaza matangazo ya biashara yakija, anaendelea mbio zikirudi. Mwenye fujo hangojei matangazo yaishe. Nesi alichukua kalamu. Kisha akaandika.

Nimepewa barua ya onyo. Nimeondolewa ile nyumba. Kuanzia Jumatatu niko nyumba nyingine, ya Golden Valley. Dawa itaangaliwa upya, "in due time", alisema Kiprono. Nikamwuliza lini. Nikamwuliza tena. Mara ya tatu alitaja wiki yenyewe.

Nimelia ndani ya gari. Kwa hasira. Majuto sina.

Jumapili, 6 Julai

Ureno. Sikuona. Wazee watatu hapa Golden Valley, wote wanataka vipindi vya mapishi. Mama Njeri katuma ujumbe: dawa ya Mzee imepunguzwa nusu. Kafumbua macho yote mawili, kaangalia mlango, kaangalia televisheni. Hakutoa sauti.

Barua ya onyo nimeibandika kwenye friji. Neema anasema ni aibu. Namwambia aisome vizuri, aone nilionywa kwa sababu gani.

Jumapili, 7 Septemba

Ujumbe wa Mama Njeri, saa tatu: "Dawa ya asubuhi wameitoa kabisa. Leo amepiga nduru dakika kumi! Nimeandika anashangilia race." Yule yule aliyeniambia nitajichoma. Nimecheka peke yangu jikoni kwa watu, mzee mmoja kaniuliza kama niko salama.

Jumapili, 5 Oktoba

Ufaransa. Mbio za mwisho za Ulaya mwaka huu. Sina zamu leo. Nimevaa gauni la kanisani na nimeendesha hadi Crystal.

Kiprono alinikuta mlangoni. Nikamwambia nimekuja kumtembelea mtu. Mgeni haandikiwi onyo. Akanisogezea kitabu cha wageni. Kuna mahali pa kujaza uhusiano wako na mkazi. Nimeandika: rafiki.

Mzee aliniona. Mkono wake usiopooza ukapiga kiti cha pembeni, mara mbili. Nikaketi.

Wetu hakushinda. Kamaliza wa nne, na ubingwa hawezi tena kuupata. Mzee alipiga kelele hata hivyo, mpaka mate yakamtoka. Glovu za kazi sikuwa nazo. Nimempangusa kwa leso yangu.